Pambo ni la Nani?

Katika mambo ambayo sisi wazee wanaume tunapenda kuyatolea hukumu pasipo kuulizwa, pambo la mwanamke liko mbele. Mwanamke akipita njiani hapa Ngulyati amevaa hereni zinazong'aa na mkufu shingoni, barazani hakosekani mtu wa kutikisa kichwa na kusema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Akipita mwingine mwenye masikio matupu, mtu yule yule husema kwamba mume wake hana kitu. Basi mwanamke avae nini ili apone? Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na zaidi tangu nilipofiwa na mke wangu. Napenda kumweleza msomaji mahali nilipofika.

Kwanza tukubaliane kwamba kujipamba hakukuletwa na wageni. Wazee wetu wa Usukuma walijipamba, wake kwa waume. Wanawake walivaa shanga, bangili za shaba na masambo, yaani vile vikuku vya waya mwembamba vilivyopangwa mguuni kimoja juu ya kingine. Watemi walivaa kibangwa, kipande cha duara cha gamba la konokono wa baharini, kilicholetwa na misafara kutoka pwani hadi huku bara. Wacheza ngoma wa Bagalu na Bagika walifunga njuga miguuni wakaitikisa ardhi. Sikupata kusikia kwamba kuna aliyemwambia mtemi kuwa kibangwa chake ni majivuno, au mcheza ngoma kuwa njuga zake ni ubatili. Lawama hiyo tumemwekea mwanamke.

Hata methali ya mkakasi tunaitumia vibaya. Inalaumu utupu wa ndani. Hailaumu uzuri wa nje. Wahubiri nao hutukumbusha waraka wa kwanza wa Petro, unaowaasa wanawake wasitegemee pambo la nje. Ni mawaidha mema. Lakini anayeonywa asilitegemee pambo hakuambiwa kwamba masikio yake ni mali ya baraza la wazee.

Historia yetu wenyewe ina mafunzo mawili juu ya jambo hili. Mwaka 1968, nikiwa kijana wa shule, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, madawa ya kujichubua na suruali za kubana, kuanzia siku ya kwanza ya Januari 1969. Shabaha ilikuwa kulinda heshima ya taifa changa, nami siidharau. Hata hivyo, mzigo mkubwa wa heshima hiyo ulitwikwa wasichana, nao ndio waliosumbuliwa mabarabarani.

Funzo la pili linatoka Unguja, nalo ni la kale zaidi. Katika siku za utumwa, mtumwa mwanamke alijulikana kwa mavazi yake kabla hajafungua kinywa. Alivaa kitambaa duni kisicho na rangi, akaenda kichwa wazi na miguu mitupu, maana nguo nzuri ilikuwa alama ya mwungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya wanawake walioachwa huru ni kuvaa kanga za maua na kujifunika vichwa. Je, tuwaite watu wa anasa? Mimi nasema walikuwa wanatangaza uhuru kwa lugha ambayo kila mpita njia aliweza kuisoma.

Kwa hiyo, swali la kuuliza juu ya pambo si kama linang'aa mno. Swali ni hili: ni la nani?

Tuchukue ndoa. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Ndiyo maana huko pwani dhahabu ya mwanamke imekuwa akiba yake: huivaa siku za furaha, huipeleka kwa sonara siku za dhiki. Kwetu Usukuma mahari ni ng'ombe, na ng'ombe huingia zizini kwa baba na kugawanywa kwa ukoo. Binti huondoka kwao na kile alichovaa. Akifika kwa mume analima pamba, anapalilia, anachuma; msimu ukifunguliwa anayesimama mbele ya mizani kupokea fedha ni mume. Katika maisha ya namna hiyo, shanga za shingoni na bangili ya mkononi vilikuwa pengine mali pekee ambayo mwanamke aliweza kusema "yangu" bila mtu kukohoa.

Marehemu mke wangu alikuwa na bangili moja ya dhahabu. Aliinunua kwa fedha za dengu alizolima pembeni mwa shamba la pamba, misimu mitatu akijiwekea. Katika miaka ya tisini ulifika wakati mshahara wa mwalimu ulichelewa, na mtoto wetu alitakiwa kulipa ada ya sekondari. Sikumwomba lolote. Alipanda basi kwenda Mwanza, na aliporudi aliweka fedha juu ya meza. Nikautazama mkono wake. Akasema, "Mwalimu, bangili imekwenda, mkono uko palepale." Baada ya miaka kadhaa alinunua nyingine, kwa dengu zile zile.

Mimi nilifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini sikupata kuona mfano bora wa akiba kuliko huo. Wanaume barazani waliiona bangili ile wakasema mke wa mwalimu anajivuna. Hawakujua kwamba walikuwa wanatazama ada ya mtoto. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Alipofariki, matanga yalipokwisha, tuliketi na ndugu. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye namheshimu, akasema, "Mwalimu, mapambo ya marehemu ni mali ya nyumba hii. Yakae kwa mtoto wa kiume. Mabinti wataolewa, watayapeleka kwa watu." Nikamwuliza, "Baba, yalinunuliwa kwa dengu za nani?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema mila ni mila. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mila hiyo imepata kuandikwa: Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimweka binti daraja la mwisho katika urithi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na inachukulia kwamba zawadi ambayo mume amempa mkewe ni mali ya mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nchi moja, vitabu viwili. Wajane wawili wa Kitanzania, walionyimwa urithi na kutolewa katika nyumba zao kwa kutumia mila za Kisukuma, walilazimika kulifikisha shauri lao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zilivunjwa. Tujiulize, wazee wenzangu, kwa nini kilio cha mama zetu kisikike mbali hivyo kabla hakijasikika barazani?

Bangili na hereni za marehemu niliwapa mabinti. Yule mzee hakufurahi, na mpaka leo tukikutana mnadani tunazungumza habari za mvua tu. Naona ni bei ninayoweza kuilipa.

Lakini nisidhaniwe kuwa natetea kila king'aacho. Liko pambo ambalo halimheshimu avaaye. Mwanamume mwenye fedha humvika mkewe dhahabu siku ya sherehe ili watu waone utajiri wake yeye, na kesho yake anaifungia kabatini, ufunguo mfukoni mwake. Hiyo ni sawa na kengele shingoni mwa ng'ombe: inalia kwa ng'ombe, inamsifu mwenye zizi. Na wapo wanawake wanaokopa ili wasipitwe na jirani katika harusi, wakabaki na deni baada ya ngoma kukoma. Pambo la mkopo si la aliyelivaa. Ni la aliyekopesha.

Tena swali langu halikomi mlangoni kwa mvaaji. Mwadui, ambayo iko katika mkoa wa Shinyanga, uliokuwa mkoa wetu pia kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi, ya karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika ndoa yake. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia katika bruchi yenye umbo la ua. Ni kazi nzuri sana, na Malkia aliivaa hadharani mara nyingi. Alipewa kwa heshima, akaivaa kwa heshima. Ila katika habari zote nilizosoma juu ya ua lile, sijakuta mahali panaposema kwamba mkulima wa Shinyanga aliulizwa kama jiwe hilo ni la kutolewa zawadi.

Na hapa karibu kabisa, Januari 2024, katika mgodi mdogo wa dhahabu wa Ng'alita, wilayani kwetu Bariadi, kifusi kiliporomoka baada ya mvua nyingi kikaua watu zaidi ya 20, wengi wao vijana. Walikuwa wana wa watu, wanatafuta kile kile kinachong'aa masikioni mwa mabinti zetu. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo mwanamke avue hereni. Aliyevaa hakuporomosha kilima. Nasema kwamba mtu anayejua kitu kilikotoka hukivaa kwa namna nyingine, hakitupi ovyo wala hakimtambii asiye nacho. Nadhani huo ndio umaridadi wenyewe. Nimewaona wanawake hapa Ngulyati wenye kanga mbili na hereni za shaba, wakaingia kanisani au sokoni, watu wakawapisha pasipo kuambiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa mume au baba, nakupa shauri la mwalimu mstaafu. Ukimnunulia mkeo au binti yako pambo, liwe la dhahabu au la shanga, mpe mbele ya watu, na sema waziwazi kwamba ni lake. Akilinunua mwenyewe, usimwulize amelipata wapi kana kwamba ameiba. Akitaka kuliuza, usimzuie. Na sonara akiuliza jina la kuandika kwenye risiti, mwambie aandike la kwake.