Mjane Hakuchoka



Tukisoma Luka 18 twamsema sana yule kadhi dhalimu, na kusahau miguu ya mjane ilivyochoka kwenda na kurudi.

Huko Greenham Common, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, malisho ya wanavijiji yaligeuzwa uwanja wa ndege za vita. Jioni ya tarehe 5 Juni 1944 Jenerali Eisenhower alikwenda pale kuwaaga askari wa miavuli, vijana watupu, waliokuwa wakienda kushuka Ufaransa usiku ule. Wengine hawakurudi.

Mwaka 1983 yakaletwa makombora ya nyuklia. Akina mama walikwisha piga kambi langoni tangu 1981, matopeni na baridini. Walikamatwa, wakafungwa, wakarudi. Makombora ya mwisho yaliondoka 1991, kwa mapatano ya wakubwa ya mwaka 1987. Hatusemi ni kambi peke yake iliyoyaondoa. Lakini kambi ilidumu hata 2000. Miaka 19! Nasi twaombea amani Jumapili moja, ya pili twatazama saa.

Leo uzio umeng'olewa, na ng'ombe wanakula majani palipokuwa na njia ya ndege.