Kijana Aliyefundishwa Ana Deni kwa Wadogo Wake



Wakati wa mchana, wazazi wakiwa shambani au sokoni, ni nani amtunzaye mtoto wa miaka 3 vijijini mwetu? Mara nyingi ni dada yake wa miaka 12, au kaka yake wa miaka 14. Huyo ndiye amwoshaye, amlishaye na kumbeba mgongoni. Naye mdogo hutazama kila atendalo mkubwa wake na kuliiga. Mkubwa akinywa maji ya mto, mdogo naye atayanywa. Mkubwa akinawa kabla ya kula, mdogo naye atanyosha mikono yake ili anawishwe.

Basi tujiulize: Je, ni haki kuwapa vijana kazi ya kuwafundisha watoto wadogo njia za afya? Au kazi hiyo iwe ya watu wazima peke yao?

Swali hili limefikiriwa na wengi. Mwaka 1978, huko London, mganga David Morley na mwalimu Hugh Hawes, pamoja na wenzao, walianzisha mpango uitwao Mtoto kwa Mtoto, kwa kujitayarisha kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, yaani 1979. Tangu hapo mpango huo umeenea katika nchi nyingi. Msingi wake ni jambo lile lile tulionalo uani petu: watoto wakubwa huwalea wadogo kila siku.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni rahisi. Kijana anafundisha tayari, tukitaka tusitake. Tuwezalo kuchagua ni hili tu: afundishe yaliyo kweli, au afundishe yaliyo uongo.

Huenda mtu akasema: «Lakini kijana huyo mwenyewe hajakamilika. Jana tulimwona akila embe bila kuliosha. Atamfundishaje mwingine?» Twajibu: Kama ingetupasa kumngoja aliyekamilika, shule zote zingefungwa. Tena, kufundisha humfunga yeye afundishaye. Kijana aliyewaambia wadogo watatu wanawe mikono kila watokapo chooni, siku ile ile amejipatia mashahidi watatu. Watamtazama, na macho yao yatamsaidia kuliko fimbo ya mwalimu.

Hata hivyo yatupasa kwenda mbele zaidi. Mtoto mdogo humsadiki mkubwa wake pasipo kudai ushahidi, na nguvu hiyo ya kusadikiwa si ndogo. Tukumbuke ugonjwa wa Ebola uliotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia na Ituri, usiishe mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Chanjo ilikuwapo. Lakini kule Beni na Butembo wengi waliikataa, kwa kuwa hawakuwaamini wale walioileta. Tunaona basi kwamba kweli yenyewe huhitaji kinywa kinachoaminiwa. Na mwenye kinywa hicho, hata akiwa na miaka 13, ana madeni matatu.

Deni la kwanza ni kusema kweli kamili. Mtoto anayehara hukauka mwilini, na kukauka huko ndiko kumwuako. Kijana hufundishwa kumtengenezea kinywaji: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe, visijae kupita ukingo. Akigeuza vipimo, akatia chumvi kwa wingi wa sukari, aweza kumwua yule aliyetaka kumponya. Kwa hiyo asiyekumbuka vipimo na akiri, akaulize. Wala asiwatishe wadogo kwa hadithi za uongo ili wanawe mikono. Siku watakapogundua uongo, wataacha hata kunawa.

Deni la pili ni kutenda. Somo la maneno laweza kusahauliwa kabla ya jioni, lakini bidoni iliyotobolewa tundu dogo na kutundikwa karibu na choo hufundisha kila siku.

Deni la tatu ni heshima. Wako watoto ambao kwao hakuna sabuni. Kijana awacheka­po mbele ya wenzao, amewafundisha aibu tu, wala hakuwafundisha usafi. Afadhali awaonyeshe kwamba pasipo sabuni, majivu safi ya mekoni pia husaidia.

Sasa tufikie lililo gumu kuliko yote. Tuseme mtoto mchanga anahara, na mwanamke mzee wa nyumba asema: «Msimpe maji, yatazidi kumharisha.» Kijana amefundishwa kinyume. Afanyeje? Akibisha, ataitwa mtovu wa adabu. Akinyamaza, huenda mtoto akafa machoni pake.

Tunasema kwamba heshima hukaa katika namna ya kusema. Kunyamaza mbele ya kifo si heshima. Mzee yule ampenda mtoto. Kasoro ni habari tu. Basi kijana asimbishie mbele ya watu. Ampigie magoti kama ilivyo desturi, aseme kwa upole: «Mama, shuleni wametufundisha kumpa maji kidogo kidogo kwa kijiko. Niruhusu nijaribu, kisha tumpeleke zahanati.» Akikataliwa, amwendee upesi mtu mzima mwingine anayesikilizwa: baba, mwalimu, au mwuguzi. Mwenye kumtii mzee hutimiza wajibu mwema, lakini uhai wa mtoto hatukupewa ili tuutoe kwa ajili ya amani ya nyumba.

Na sisi watu wazima tusifurahi upesi. Kijana aweza kufundisha kunawa. Hawezi peke yake kuchimba choo cha kijiji, wala kuizungushia chemchemi ua ili mifugo isiingie. Tukimwachia hayo yote, tumemfanya kisingizio cha uvivu wetu. Wala tusimzuie binti asiende shule kwa kuwa anawalea wadogo vizuri: chemchemi ya elimu yake ikikauka, atawanywesha nini?

Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo mwajua kwamba aliyepokea bure apaswa kutoa bure. Basi jioni ya leo, kila aliye na kijana nyumbani amwulize: «Umejifunza nini juu ya afya?» Amsikilize mpaka mwisho, kisha amwite mdogo, wanawe mikono pamoja, wakubwa kwa wadogo, ndipo wale.