Kutu ya Tangi na Kutu ya Moyo

Pikipiki ya marehemu mjomba wangu, Yamaha AG100 ya aina ile waliyoizoea mabwana shamba na mapadri wa vilimani, ilikaa misimu mitatu ya mvua chini ya kibanda huko Muyinga, tangi lake likiwa tupu kwa uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi, na mimi niliyeusiwa kuitunza nikijipa udhuru mwezi hata mwezi. Hata nilipoipakia kwenye lori na kuileta Gitega kupitia Karuzi, ilikuwa nyekundu kama udongo wa njia. Mnyororo tu, uliofichwa ndani ya kasha lake, ndio uliosalimika.

Siku tatu niliisugua kwa brashi ya waya, msasa na siki, nikiyakumbuka mafunzo ya madrasa: kwamba kila dhambi huacha doa jeusi moyoni, na kwamba katika Suratul-Mutaffifin nyoyo za wakanushaji zimetajwa kuwa zimefunikwa na chumo lao kama chuma kwa kutu. Imamu Ghazali naye aliufananisha moyo na kioo cha kusuguliwa, nasi watoto tukafahamu kwamba chini ya uchafu kioo kipo, kizima, kinangoja kitambaa.

Nilipomlalamikia fundi kwamba uchafu ule hauishi, alicheka, akaninyooshea kidole chekundu. "Mzee, huu si uchafu. Hiki ni chuma chenyewe."

Na ndivyo. Kutu ni chuma kilichofungamana na hewa na maji, na kwa kuwa hukalia nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hututumka na kupasuka, ikayafungulia maji njia ya kuingia ndani zaidi. Ilhali alumini, utando wake wa kwanza huwa ngao yake. Hata wekundu wa udongo wa Muyinga ni huo huo.

Basi ikiwa kilicholiwa ni moyo wenyewe, toba husugua nini? Vioo vya zama za Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aghalabu vilikuwa vya madini, na kila aliyevisugua alipunguza kidogo kioo chenyewe. Nadhani alijua alichokisema kuliko sisi tuliomsoma tukijitazama katika vioo vya dukani. Toba huzuia ulaji usiendelee, lakini haikirudishi kilichokwisha kuliwa. Najua Suratul-Furqan inaahidi mabaya kubadilishwa kuwa mema, wala sina shaka nayo. Ila hiyo ni kazi Yake Jalali, si kazi ya msasa.

Mwishowe fundi alitia kokoto na siki ndani ya tangi, akalitikisa hata jioni. Asubuhi tuliona matundu matatu, ambayo siku zote yalikuwa yamezibwa na kutu yenyewe. Mkaza mjomba alipopiga simu kutoka Muyinga kuuliza kama imepona, nilimwambia imetakata, ila inavuja.