Asahauye Hasahauliwi



Yako magonjwa yaulayo mwili, na uko ugonjwa ulao kumbukumbu. Mwaka 1901 mwanamke mmoja, Auguste Deter, mwenye miaka 51, alipelekwa hospitali katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Tabibu Alois Alzheimer alipomwambia aandike jina lake, aliandika neno “Bibi” tu, kisha akayasahau yaliyosalia.

Alipokufa mwaka 1906, tabibu aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Akaona umenyauka, kati ya seli zake mlikuwa na madoa kama takataka zilizogandamana, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Leo twajua ya kuwa madoa yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Nayo huanza kukusanyika miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Mara nyingi mahali pa kutunzia mambo mapya huharibika mapema. Ndiyo sababu mzee aweza kusimulia habari za utoto wake, asijue kama amekula asubuhi.

Basi mzee akiuliza neno moja mara kumi, msimcheke wala msimkemee. Wala asiwepo kwenu asemaye kwamba amerogwa, au kwamba yeye ndiye mchawi. Maneno hayo yamewaponza wazee wengi wasio na hatia. Huu ni ugonjwa wa ubongo, kama kifua kikuu kilivyo ugonjwa wa mapafu.

Lakini liko swali zito. Mkristo asiyekumbuka tena sala ya Bwana, wala jina la Mwokozi, je, imani yake imekwenda wapi? Ndugu, wengi wetu tulibatizwa tungali wachanga. Hatukujua neno lo lote, wala hatukumwita Mungu; yeye ndiye aliyetuita. Ikiwa hakuungoja ujuzi wetu mwanzoni, je, ataudai mwishoni? Hatushikwi na nguvu za akili zetu, bali na mkono wake. Nabii Isaya aliupima upendo wa mama, akauona ule wa Mungu kuwa mkubwa kuliko huo.

Basi usharika na umkumbuke huyo asahauye. Mwendeeni, mtajeni kwa jina lake, mwimbieni nyimbo alizozijua ujanani. Mara nyingi hizo hudumu hata maneno mengine yakipotea. Na binti yake akeshaye usiku kumtunza, mpokeeni zamu, apate kulala.

Amin.