Kipya Kinapoingia, cha Kale Ki Wapi?



Huenda baadhi yetu watashangaa tukisema kwamba kigari cha kuchezea chaweza kutufikirisha juu ya haki. Hata hivyo, na tukitazame. Mwaka 1984 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kigari kiitwacho Hornet, cha kukimbia mchangani na kuongozwa kwa mawimbi ya redio. Kiliuzwa vipande vipande, mwenyewe akaviunga. Vijana wengi wa Uingereza na Marekani walikipenda. Leo wao ni watu wazima, na wako wanaovitoa stoo na kuvitengeneza upya.

Kazi hiyo yahitaji subira. Betri za zamani zimekufa, plastiki imepata nyufa, mpira wa matairi umekakamaa. Kifaa cha zamani cha kupunguza mwendo, kilichopoteza umeme kwa kuugeuza joto, hubadilishwa kwa cha elektroniki. Wengine huendelea zaidi, wakatia mota yenye nguvu kupita ile ya kwanza na rangi waipendayo. Basi, baada ya hayo yote, je, ni kigari kile kile?

Swali hili ni la kale. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ni ile ile au siyo.

Sisi twaona kwamba inafaa kwanza kujua ni nani anayeuliza. Akiwa ni mwenye mali, yu huru. Kigari kilitengenezwa kikimbie, wala hakosei akikipa nguvu mpya.

Akiwa ni mnunuzi, ana haki ya kuambiwa kweli. Mwaka 2004 Tamiya iliitoa Hornet tena, na vipuri vyake vingi vyaingia katika ile ya zamani. Huo ni msaada, lakini pia ni mtego, maana kipya chaweza kuuzwa kwa bei ya cha kale. Muuzaji akinyamaza hapo, amedanganya.

Je, wakiwa ni ndugu wa marehemu? Tuseme alipokuwa mtoto alikwaruza jina lake chini ya kigari, na sasa kaka ataka kitembee, dada ataka kisiguswe. Hapo tufuate kanuni hii: badiliko linaloweza kurudishwa lahitaji bisibisi tu, lisiloweza kurudishwa lahitaji idhini ya wote. Mota yaweza kutolewa kesho. Jina likishapigwa msasa, hakuna duka litakalolirudisha. Kwa hiyo sehemu yenye ufa na jina iwekwe salama, mpya itumike, na kila kilichobadilishwa kiandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tukifanya hivyo, atakayekipokea baada yetu atajua kipi ni cha marehemu na kipi ni chetu.