Kabla ya Kuandaa Ngozi, Andaa Nia



Kila sifa njema inamstahiki Allah, Subhaanahu wa Ta'ala, aliyetuumba na kututengeneza, akatukabidhi miili hii kuwa amana. Rehma na amani zimfikie kipenzi chetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma ba'ad.

Ndugu zangu katika imani, ninasoma Masomo ya Kiislamu Mbale, Uganda, na likizo hii nimo nyumbani hapa Gisenyi. Tangu nifike, dada watatu wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti, na kila mmoja aliliuliza kwa kunong'ona: je, inafaa kuondoa nywele za mwili kwa leza, na mtu ajiandae vipi? Nimeona nilijibu hapa wazi, kwa sababu swali la kunong'ona mara nyingi hupata jibu kwa muuza vipodozi. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Nasi tusiikimbie elimu kwa kisingizio cha haya.

Tuanze na asili ya jambo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa katika mambo ya fitra, yaani maumbile safi ya mwanadamu, ni tohara, kunyoa kinena, kunyonyoa kwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu. Hadithi hii ameipokea Abu Hurayra (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Anas bin Malik (r.a.) naye amesimulia kuwa tumewekewa mpaka: tusiyaache zaidi ya siku arubaini. Tazameni tulichotakiwa. Tumetakiwa usafi, na usafi wenyewe ni wa kurudiwa. Hatukuamrishwa kuwa na ngozi isiyoota hata unywele mmoja maisha yote. Kwa hiyo leza si sunna, wala haimzidishii mtu daraja mbele ya mwenziwe anayetumia wembe. Ni chombo tu.

Na katika vyombo, wanazuoni hawakutubana. Imam Nawawi ameeleza kuwa kinena ni bora kunyolewa, lakini kukata, kunyonyoa na kutumia nura kunajuzu. Nura ni dawa ya chokaa iliyokuwa ikitumika hamamuni kuondolea nywele. Dada zetu wa pwani wana sukari iliyopikwa kwa ndimu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameiingiza leza katika mlango huohuo: inajuzu kwa nywele ambazo sheria imeruhusu kuziondoa, kwa masharti mawili. Isidhuru, na awra isifunuliwe pasipo haki. Masharti haya mawili ndiyo maandalizi yenyewe.

Sharti la kwanza: isidhuru. Mtume (s.a.w.) amekataza kujidhuru na kudhuru wengine, na hapa lazima tujue chombo kinavyofanya kazi. Mwanga wa leza hunaswa na melanini, ile rangi nyeusi iliyo ndani ya unywele. Ukinaswa hugeuka joto, na joto hilo huunguza mzizi. Sasa, melanini hiyohiyo imo katika ngozi zetu sisi watu weusi, tena kwa wingi. Mashine isiyotufaa huunguza unywele na ngozi pamoja, ikaacha malengelenge na mabaka. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi madaktari huchagua zaidi leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064, ambayo mwanga wake hupita ndani zaidi na hainaswi sana na rangi ya juu ya ngozi. Ile ya alexandrite, ya nanomita 755, ni hatari zaidi kwetu. Basi ukienda mahali, kabla ya kuuliza bei, uliza: hii ni mashine gani, anayeishika amesomea wapi, na ameshaitumia kwa ngozi kama yangu? Kisha omba ajaribu sehemu ndogo kwanza, usubiri uone ngozi itakavyopokea. Na vile vifaa vya mwanga vya kujitumia nyumbani, vingi watengenezaji wake wenyewe huandika kuwa havifai kwa ngozi nyeusi sana. Soma maandishi ya kwenye boksi.

Ukishapata mahali pa kuaminika, utaambiwa usinyonyoe wala kung'oa nywele kwa muda wa wiki nne hivi au zaidi kabla ya kikao, kwa sababu unywele ukishang'oka mwanga haupati njia ya kuufikia mzizi. Lakini utaambiwa unyoe siku moja kabla, kwa sababu nywele zilizo juu ya ngozi zikiungua huiunguza na ngozi. Hapa dada mmoja aliniuliza: sunna ya kwapa si kunyonyoa? Nikiacha kunyonyoa miezi yote hiyo, si nimeiacha sunna? Jibu limo katika maisha ya imamu wetu. Imam Nawawi amenukuu kuwa Yunus bin Abdil-A'la aliingia kwa Imam Shafii akamkuta kinyozi anamnyoa makwapa. Imam akamwambia kuwa anajua sunna ni kunyonyoa, ila hauwezi uchungu wake. Basi kama Imam Shafii alinyoa, nawe nyoa bila wasiwasi. Lengo limetimia, na mpaka wa siku arubaini haujavunjika.

Linda pia ngozi na jua kali wiki kadhaa kabla na baada. Sisi tunaishi karibu na mstari wa ikweta, na jua la ufukweni mwa Kivu tunalijua. Ngozi iliyopigwa jua huongeza melanini, na hatari ya kuungua huongezeka. Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, hasa za chunusi, na kama una mimba au ngozi yako huacha makovu makubwa. Siku yenyewe oga, ukaushe ngozi, usipake mafuta, manukato wala losheni mahali hapo. Macho yafunikwe kwa miwani maalumu.

Na mkorogo, ndugu zangu, mkorogo! Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali yetu ya Rwanda iliongeza msako wa vipodozi vya kuchubua ngozi, vyenye hidrokwinoni na zebaki, na sisi wa Rubavu tunaokaa mpakani tunajua kuwa vichupo havijakoma kupita. Ngozi iliyochubuliwa ni dhaifu; ukiielekezea leza unaongeza jeraha juu ya jeraha. Wengine hujichubua kusudi ili leza "ikubali". Huko ni kujidhuru mara mbili, na hakuna mwanachuoni anayekuruhusu.

Baada ya kikao ngozi huwa nyekundu au hujaa kidogo kwa muda mfupi. Ipoze kwa maji baridi, epuka maji ya moto na kusugua. Udhu na josho viko palepale. Ikitokea malengelenge na daktari akasema maji yatadhuru, dini yetu ina wepesi: osha palipo salama, na kwa palipojeruhiwa kuna tayamamu. Usiache swala. Angalia pia kalenda. Vikao huwa sita au zaidi, vikipishana kwa wiki kadhaa, kwa sababu nywele haziko katika hatua moja ya kuota. Kisiangukie wakati wa ihramu. Na kama umenuia kuchinja udhiya, zikiingia siku kumi za Dhulhija usiguse nywele wala kucha mpaka uchinje, kwa hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo katika Muslim. Hata baada ya vikao vyote, nywele hupungua na kuwa laini, si lazima ziishe. Anayekuahidi kwa kikao kimoja ngozi tupu ya milele anataka fedha zako.

Sharti la pili: awra. Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamume kutazama awra ya mwanamume, na mwanamke kutazama awra ya mwanamke. Awra ya mwanamke mbele ya mwanamke mwenziwe Muislamu, kwa kauli ya wengi, ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hiyo kwapa na miguu chini ya goti mwanamke anaweza kuhudumiwa na mwanamke, faragha, bila simu chumbani. Kinena hapana, maadamu una mikono na wembe wako, ila kwa ugonjwa unaohitaji tiba. Na nyusi ziacheni. Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) imewalaani wanaozing'oa kwa ajili ya urembo, na madaktari nao huionya leza isikaribie jicho.

Sasa tuje kwenye nia, maana ndiyo inayotenganisha watu wawili waliolala kwenye kitanda kimoja.

Namjua dada ambaye kwa miaka alikuwa akivuta mtandio hadi puani kila mtu anapomkaribia. Watu walidhani ni uchamungu. Zilikuwa ndevu. Aliacha kuja darasani msikitini kwa kuogopa kuketi karibu na wenzake. Dada huyu habadilishi maumbile ya Allah. Imam Nawawi amesema kuwa mwanamke akiota ndevu au masharubu si haramu kwake kuziondoa, bali ni jambo la kupendeza. Nilimshauri aanze kwa daktari, naye akapimwa, ikaonekana homoni zake zimevurugika kwa maradhi ya ovari. Kama angeanza na leza peke yake, nywele zingerudi na maradhi yangebaki. Dada uliye katika hali hii, usione aibu. Maradhi yana dawa, na kutafuta dawa ni katika kumtegemea Allah.

Dada wa pili amechumbiwa. Mchumba wake alimtumia kwenye simu picha ya mwanamke asiye na hata laika moja mwilini, akamwambia anataka awe hivyo kabla ya nikaha. Dada akawa anahesabu fedha zake za kujikimu chuoni. Nilimwambia hivi: mchumba si mume. Mwili wako bado si mazungumzo yake, na picha ya mwanamke wa kando si mizani ya mkeo mtarajiwa. Mwanamume anayekupima kwa malaika za mikononi leo, kesho atakupima kwa michirizi ya uzazi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mpaka ninapoandika hajaamua. Namuombea Allah amfungulie.

Kaka zangu, sehemu hii ni yenu. Msiwatwike wanawake mizigo ambayo Mtume (s.a.w.) hakuwatwika. Yeye ametutaka usafi wa siku arubaini, sisi wanaume na wanawake sawasawa. Kabla hujauliza kwapa la mchumba wako, kumbuka lako umelinyoa lini.

Basi dada yangu unayeuliza, jiulize mambo haya kwa utulivu: Ninakimbia madhara, au ninakimbia maneno ya mtu? Nywele hizi sheria imeniruhusu kuziondoa? Nani ataniona? Mashine inaifaa ngozi yangu? Fedha hizi zina haki ya nani kabla yangu? Majibu yakikaa sawa, nenda kwa amani, na useme Bismillah. Yasipokaa sawa, wembe safi usiomwazimisha mtu na Ijumaa moja katika mwezi vinakutosha, na hujapungukiwa na kitu mbele ya Allah.

Ewe Mola wetu, tupambe kwa uchamungu, tupe afya katika miili uliyotukabidhi, na uturidhishe na umbo ulilotuchagulia. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.