Visima vya Isaka na Samaki wa Ziwa

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chasimulia habari za Isaka, mwana wa Abrahamu. Alikaa katika nchi ya Gerara, naye Mungu akambariki kwa mavuno na makundi ya wanyama. Wafilisti wakamwonea wivu, wakavifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa zamani za baba yake. Je, walipata faida gani? Hakuna, maana kisima kilichofukiwa hakimnyweshi Isaka wala adui yake.

Isaka hakushika silaha. Watumishi wake wakachimba kisima kingine. Wachungaji wa Gerara wakagombana nao, wakidai kwamba maji ni yao. Wakachimba cha pili, ugomvi ukazuka tena. Cha tatu hakikugombaniwa, naye Isaka akakiita Rehoboti, maana yake nafasi. Baadaye mfalme Abimeleki akamwendea. Wakala pamoja, wakaapiana, wakaagana kwa amani.

Habari hiyo yawahusu wavuvi wa Ziwa Edward, lililo kati ya Kongo na Uganda. Mwezi wa Julai 2018 askari wa nchi hizo mbili walipigana juu ya maji yake, na watu wakafa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule serikali zote mbili zikatia sahihi mapatano juu ya uvuvi wa ziwa hilo na wa Ziwa Albert.

Lakini mapatano ya wakubwa hayalindi ziwa ikiwa mvuvi mwenyewe hayashiki. Samaki wengi huzaa kandokando, penye matete na maji yasiyo na kina. Anayevua hapo kwa nyavu zenye macho madogo huchukua watoto wa samaki kabla hawajazaa. Mtu huyo afukia kisima kwa udongo. Leo mtumbwi wake umejaa. Kesho atafuata samaki mbali, hata kuvuka mpaka, na huko atakutana na bunduki. Ndivyo amri ya saba ikivunjwa, amri ya tano nayo huwa hatarini.

Basi, mkatekumeni afanye nini? Atumie nyavu zilizoruhusiwa. Ayaache mazalio ya samaki yapumzike. Akimwona jirani anakosa, amwonye kwanza faraghani, kisha mbele ya wazee, wala asimkatie nyavu kwa hasira. Anayejiandaa kupokea Ubatizo hujifunza kumwomba Baba mkate wetu, si mkate wangu. Naye mvuvi wa ng'ambo ya ziwa aomba maneno yale yale.